Viraka vya Chombo cha Angani

Mama anasema mtu wa miaka kumi na saba hana kumbukumbu, ana umbea tu. Huenda ni kweli. Basi huu ni umbea wa mwaka mmoja, mwaka niliokuwa na miaka kumi na minne, nami nauandika nikiwa nimekaa mkekani kwa Bibi Tima, kwa kalamu ya shule, kwa sababu wiki mbili zilizopita nusu ya umbea huo ilizikwa kijijini Moa na mimi hata mazishi sikuwahi. Habari za ukoo wangu nitaziruka. Ni watu wema, wanakula, wanalala, wanagombania choo asubuhi, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufanya jambo linalostahili wino. Nitaanza na Mwanaisha, na nitaanza na chumba chake, maana mwaka ule Mwanaisha na chumba chake vilikuwa kitu kimoja.

Alikuwa mjukuu wa Bibi Tima, hapa hapa Ngamiani, nyumba ya pili kutoka kwetu, na alinizidi mwaka mmoja. Tulikaa dawati moja mpaka alipovunja ungo. Bibi akamtoa shule akamweka ndani, kama ilivyofanywa katika nyumba zote zilizojihesabu kuwa na heshima. Mwari hatoki. Haendi dukani, hasimami barazani, na mlango wa mbele anausikia tu ukilia bawaba. Chumba kilikuwa na kitanda cha mbao, kasha la nguo, kioo kilichofunikwa kitambaa, na dirisha dogo la uani ambalo ukisimama vizuri linakuonyesha mtungi, jiko, kuku wawili na nusu ya mpapai. Nusu ile nyingine Mwanaisha alisema anaiamini tu, kama watu wanavyoamini Ulaya. Harufu yake ilikuwa ya udi na samli. Mimi niliruhusiwa kuingia kila alasiri nikitoka shule, kwa kuwa Bibi Tima aliniona mjinga nisiye na madhara. Nilimsikia akimwambia mama yangu: "Huyu Fatu wako mwache aje. Atamchekesha mwenzake. Hana akili ya kumfundisha ubaya." Nilisimama hapo hapo nikisikiliza, nikashukuru kwa heshima niliyopewa.

Mwanaisha hakuwa amekata tamaa, na hili msomaji alishike, maana mambo yote ya mwaka ule yalining'inia hapo. Baba yake alikwisha kufariki. Mwenye kauli juu yake alikuwa ami yake, Mzee Shee, karani wa bandarini, mtu mpole aliyekohoa kabla ya kila sentensi. Mwalimu wetu wa kike alimfuata barazani kumwombea Mwanaisha arudi darasani, na sisi wawili tulikuwa nyuma ya pazia, kimya kama vikombe. Mzee Shee akakohoa. "Mwalimu, mimi simwozi mtoto wa ndugu yangu kwa nguvu. Akija mposaji, nitamwuliza mwenyewe, kama dini inavyotaka. Akisema hataki, mwezi ule ule anarudi kwako." Neno moja tu lilihitajika, "sitaki", na shule ingerudi. Lakini katika nyumba zetu mwari anapoulizwa hajibu. Anainamisha kichwa, ananyamaza, na kunyamaza ndiko kuridhia. Wanawake wanapiga vigelegele. Hakuna mtu Ngamiani nzima aliyewahi kusikia mwari akifungua kinywa siku hiyo. Kwa hiyo tulifanya mazoezi. Mimi nilikuwa Ami. Nilijifunga kilemba cha taulo, nikakohoa mpaka machozi yakanitoka, nikasema: "Mwanaisha, mwanangu, amekuja bwana mmoja, ana meno manne na mbuzi sita. Umeridhia?" Naye, akiwa amejifunika kanga gubigubi, alipaswa kusema "Sitaki, Ami." Mara tatu za kwanza alicheka. Ya nne sauti ilitoka nyembamba kama ya kifaranga. Ya kumi au ya kumi na moja ilitoka sawasawa, na sote wawili tukaogopa kidogo.

Na kati ya mazoezi hayo tulikuwa na chombo cha angani. Pale pembeni Mama Kijoli alikaanga njugu, na mumewe alikuwa tarishi katika ofisi moja iliyopata magazeti. Magazeti yakishapitwa na wakati yalikuja kwa Mama Kijoli, akayakata kila ukurasa vipande vinne, akafungia njugu. Katika gazeti moja la wiki kulikuwa na hadithi isiyokwisha, imeendelea miaka, ya watu waliopanda chombo kikubwa cha chuma wakaiacha dunia kwenda kutafuta nyota yenye udongo wa kulimika. Sisi tuliipata robo robo, na bila mpangilio: leo kipande cha mwezi huu, kesho cha mwaka juzi, chenye chumvi na alama ya mafuta katikati ya sentensi tamu. Tulizila njugu kwa wajibu. Karatasi Mwanaisha alizinyoosha kwa kiganja juu ya goti, akazipanga chini ya godoro kwa kufuata tarehe pale zilipoonekana.

Tulipozipanga ndipo tukagundua kwamba hadithi ilikuwa imejaa matundu. Nahodha Sefu, mkubwa wa chombo, alitupwa nje kupitia mlango wa chuma, akaelea gizani, akafa, watu wakamlilia safu mbili nzima. Toleo la miezi mitatu baadaye anakunywa kahawa na kumfokea rubani. Chombo kina madirisha matatu. Baadaye hakina hata moja. Paka wa chombo amekuwa mtoto wa paka kwa miaka arobaini. Mimi nilitaka kucheka tu, lakini Mwanaisha alikunja uso kama mtu aliyepewa hesabu. Akatoa sheria. "Hairuhusiwi kusema mtunzi kakosea," alisema. "Ukisema hivyo mchezo umekwisha. Kila tundu lina sababu yake, sisi hatujaiona tu." Sababu hizo tuliziita viraka. Kiraka kizuri kilipaswa kuziba tundu bila kuchana nguo pengine. Mimi nilisema madirisha yapo, ila yamepakwa chokaa kwa ajili ya Idi. Alikikubali kwa shingo upande.

Bibi Tima alisoma hati za Kiarabu vizuri kuliko mwalimu wa chuo, lakini herufi za gazeti hakuzijua. Siku moja aliingia na sinia ya mihogo ya nazi akatukuta tumelala kifudifudi juu ya karatasi. "Mwasoma nini?" Nikasema upesi: "Ni habari za safina ya Nabii Nuhu, Bibi." Akaweka sinia, akakaa. "Haya, someni." Tukasoma. Alisikiliza mpaka nahodha akafufuka, akauliza safina gani hii isiyo na maji, nikamwambia maji yamekwisha, hii ni ya baadaye. Alijua namdanganya. Nafikiri alijua tangu mwanzo. Lakini alikuwa amekwisha nasa, na ndiye aliyetupa kiraka bora kuliko vyote vya mwaka ule. "Nyie watoto hamna akili," alisema akilamba vidole. "Masefu ni wawili. Baba mmoja, mama mbalimbali. Kila mke kazaa mwana, kila mmoja kampa mwanawe jina la babu. Kwetu Pangani nyumba moja ilikuwa na Masefu watatu, ukiita mmoja wanakuja wote." Mwanaisha alimrukia akamkumbatia. Kwa kiraka kile mambo kumi na saba yalinyooka. Tangu hapo Bibi alikuja kila alasiri, na kama karatasi ni mbaya aliitukana, akamtuma mtu kwa Mama Kijoli akanunue njugu nyingine.

Sasa nifike kwa Naima, ingawa nimezunguka makusudi nisifike. Binti Naima alikuwa mtunza mbegu wa chombo. Alikaa chumba cha chini kabisa, kisicho na mtu mwingine, akinyunyizia maji miche ya maharage, na watu wa juu walimkumbuka wakiona njaa. Kwenye nyota ya tatu aliteremka na mfuko wake kupima udongo. Hatari ikaja, mlango ukafungwa, chombo kikaruka. Hawakumhesabu. Kipande kile kilikuwa na doa la mafuta mahali pa jina lake, na Mwanaisha alikisoma mara moja tu kisha akakiweka chini kabisa ya vingine. Halafu, siku nyingi baadaye, nikaleta njugu zilizofungwa kwa toleo la mbele zaidi, tarehe inaonekana wazi, na Naima yumo chumbani mwake anapanda maharage. Hakuna aliyemrudia, hakuna aliyeshangaa. Nilisema, "Naima na yeye ni wawili." Mwanaisha akatikisa kichwa. Mkate wa kumimina ukapoa mbele yake, na Bibi akamwuliza kama anaumwa tumbo.

Kiraka alikitoa kesho yake, amekiandika pembezoni mwa karatasi kwa penseli. "Angani hakuna mbele wala nyuma," alinisomea. "Ni duara. Chombo kikienda sana, kikaenda kabisa, kinapita tena pale pale kilipopita. Naima hakukikimbilia, wala hakulia. Alipanda mbegu zake mlangoni akasubiri, kikamkuta. Haikuandikwa kwa sababu waliomo chomboni walikuwa wanatazama mbele, hawakumwona akiingia." Nikamwuliza alikula nini miaka yote hiyo. "Njugu," akasema. Tulicheka mpaka Bibi akagonga ukuta. Lakini nilimwona akilitazama pazia la mlangoni, na nikaelewa kwamba hiki hakikuwa kiraka cha Naima peke yake. Mtu aliyeachwa anaweza kurudi chumbani kwake, kwenye dawati lake, na asiulizwe alikuwa wapi. Jioni ile mazoezi yetu ya "Sitaki, Ami" yalitoka kama risasi.

Hapo ndipo nilipofanya jambo langu. Walimu watatu wameniandikia kwenye ripoti kwamba siwezi kuacha kitu kilichotulia kikatulia, na nawapa haki yao. Chini ya hadithi kulikuwa na anuani ya kupeleka maoni. Nikaandika barua kwa mtunzi. Nilijifanya mzee wa miaka sitini na miwili, mwenye maumivu ya magoti na wake wawili wanaonisumbua, mkazi wa Ngamiani. Nikamweleza tundu la Naima, kisha nikanakili kiraka cha Mwanaisha neno kwa neno, nikabandika stempu yenye kichwa cha Malkia. Sikumwambia mtu. Nilitaka siku moja aifungue karatasi ya njugu akute maneno yake mwenyewe yamepigwa chapa. Nilidhani nampa zawadi. Na tusidanganyane, nilitaka pia kucheka.

Mposaji alikuja baada ya mwezi wa Mfungo Sita kuanza, kutoka Moa, mtu wa minazi na duka dogo, hana ubaya wowote tuliousikia, ana meno yote. Siku ya jibu nyumba ilijaa. Wanaume barazani, wanawake uani, pilau jikoni, na Bibi Tima akizunguka na kanga mpya iliyokuwa bado inanuka harufu ya dukani. Nikatumwa njugu za wageni. Mama Kijoli akanijazia vifungu ishirini kwenye kikapu. Mimi ninayesoma kila karatasi njiani, ninayegonga nguzo kwa kusoma, siku ile nilikimbia. Nilitaka kuwahi. Nilitaka kuwa chumbani atakapolisema.

Mwanaisha alipewa kazi ya kumimina njugu kwenye sahani, ili mikono ipate shughuli. Alifungua kifungu, akamimina, akanyoosha karatasi gotini kwa mazoea. Kifungu cha nne au cha tano akanyoosha karatasi, asichukue kifungu kingine. Nilikuwa najifunga ushungi wangu mbele ya kioo, kilichofunuliwa siku ile. Nikamwona kupitia kioo. Kisha akanipa ile karatasi. Ilikuwa kona ya barua za wasomaji. Naikumbuka yote. "Kwa mzee wetu wa Ngamiani, Tanga. Shikamoo. Umetufumbua macho. Ni kweli Binti Naima aliachwa kwenye nyota ya tatu, na kumrudisha chomboni kulikuwa kusahau kwetu. Maelezo yako ni mazuri lakini hayana haja. Tumekwisha kusahihisha. Kuanzia toleo hili hatakuwamo tena. Tunaomba radhi."

"Mzee wa Ngamiani ni wewe?" Mwanaisha aliuliza.

"Ni mimi."

"Magoti yanakuuma?"

Alitabasamu kidogo, kweli alitabasamu. Nilitaka kumwambia kwamba mtunzi ni punguani, kwamba sheria ni ile ile, tutatafuta kiraka kingine, hata sasa hivi. Nilifungua mdomo. Mzee Shee akakohoa nje ya pazia.

"Mwanaisha, mwanangu. Wamekuja watu wa Moa kwa heshima. Nakuuliza mwenyewe kama nilivyoahidi. Umeridhia?"

Alijifunika kanga. Bibi Tima alikuwa amesimama kando ya kasha, macho chini. Uani wanawake walinyamaza hata kijiko hakikulia. Ami alikohoa akauliza mara ya pili, polepole zaidi, na leo nikiifikiria sauti ile nadhani yeye pia alikuwa anamsubiri aseme. Akauliza mara ya tatu. Mimi, ambaye hata msikitini wakati wa hotuba nimewahi kufinywa kwa kunong'ona, nilikuwa hatua moja kutoka kwake, nina neno lenyewe kinywani, nimelisikia mara mia. Sikulisema. Njugu moja ilidondoka kutoka kwenye sahani ikabingirika mpaka mlangoni, na ndiyo sauti pekee iliyotoka chumbani mle. Kisha vigelegele.

Sijui kama ni karatasi ile. Nimejiuliza miaka mitatu. Huenda angenyamaza hata kama gazeti lingesema Naima amekuwa malkia wa nyota zote. Mazoezi na taulo kichwani si sawa na Ami halisi mwenye kikohozi halisi. Sikumwuliza kabla ya harusi kwa kuwa niliogopa, na baada ya harusi hapakuwa na alasiri tena. Nilikwenda Moa mara moja tu, Idi. Alinipikia samaki wa kupaka, akanionyesha nyumba, ina madirisha makubwa, akasema, "Hayajapakwa chokaa bado." Tukacheka. Mume wake akaja akacheka na yeye bila kujua tunacheka nini, mtu mwema. Sikumwomba radhi. Kila nilipotaka kuanza ulitoka mzaha, na yeye aliupokea kila mzaha kwa mikono miwili, kama mtu anayejua umebeba nini ndani lakini haufungui mbele ya mgeni.

Wiki mbili zilizopita, Jumamosi, mtu wa Moa aliteremka hapa na habari. Mwanaisha alijifungua Alhamisi. Mtoto wa kike, mzima. Mama alishikwa na damu, akafariki Ijumaa asubuhi, wakamzika baada ya sala. Bibi Tima alikuwa anapepeta mchele. Aliendelea kupepeta mpaka mchele ukaisha kwenye ungo, kisha akapepeta ungo mtupu.

Jumanne yake akaja dereva wa lori la nazi, akabisha hodi, akanipa barua. Mwandiko wa Mwanaisha, wenye mikia mirefu. "Shoga, salamu nyingi. Mimi mzima, tumbo limekua hata miguu siioni, nasikia tu kwamba ipo. Huku njugu wanafungia majani ya mgomba, hakuna cha kusoma. Nitumie karatasi, hata za zamani. Nimepata kiraka kipya cha Naima. Kizuri kuliko kile cha duara, ila ni kirefu na mkono umechoka. Nitakueleza ukija."

Nilimsomea Bibi. Sikujua la kufanya nikamsomea, kama zamani, nimekaa hapa hapa. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Aliniambia nirudie pale aliposema yeye mzima. Nikarudia. Kisha akasema kwa sauti ya chini, sauti ile ile ya Masefu: "Labda ni Mwanaisha mwingine, Fatu. Huyo aliyekufa. Moa wako wengi. Watu wanarithi majina."

"Labda, Bibi," nikasema.

Nilitoka nikamfuata dereva kwa Mama Kijoli, nikamwuliza. Barua alipewa Jumatano. Lori lilianza kwenda Horohoro, likavunjika ekseli, likalala huko siku nne, ndipo likaja Tanga, na barua mfukoni mwake. Kila kitu kinakaa mahali pake: Jumatano aliandika, Alhamisi alijifungua, Ijumaa alikufa, Jumanne ananiomba karatasi za njugu. Kiraka hiki hakina kasoro hata moja, wala hakichani nguo popote.

Sikitaki.